Chungwa la Alhamisi

Nilirudi kazini mapema kuliko nilivyopaswa baada ya kumzika Mama. Ninatunza wazee, katika jengo lenye joto jingi mno ambalo madirisha yake hayafunguki zaidi ya upana wa kiganja. Asubuhi hiyo mwenzangu wa shifti alikuwa amekula chungwa na kuyaacha maganda juu ya hita. Nilipofungua mlango wa chumba cha wafanyakazi harufu ikanipokea: harufu ya ganda linalokauka polepole juu ya chuma cha moto, tamu na chungu kwa pamoja. Nikaketi na koti langu mwilini. Mwenzangu aliona machozi, akadhani namlilia Mama, akaniletea chai. Alikuwa sahihi. Lakini kabla ya kunifikisha kwa Mama harufu ilinipitisha darasani, nikiwa mtoto, Alhamisi mchana, mvua ikipiga vioo, na watu wawili wamesimama mbele yetu wakigombana kuhusu mbuzi.

Tulikaa Thamesmead, London, katika moja ya yale majengo ya zege yanayofanana, ghorofani, mahali ambapo lifti ilikuwa nzima siku ambazo huna mzigo. Baba yangu ni Mpemba wa Wete. Mama alikuwa wa Tabora. Mtu akiwauliza wametoka wapi, Baba alijibu Zanzibar, Mama akajibu Tanzania. Nimewaona wakiulizwa hivyo wakiwa wamesimama pamoja kituo cha basi, kila mmoja akajibu lake bila kumtazama mwenzake, na muulizaji, bibi mmoja wa Kiingereza aliyetaka tu kupitisha muda, akabaki anageuza shingo.

Mimi sikuona tofauti yao iko wapi. Wote walikuwa Waislamu, waliswali kwenye mkeka mmoja, walipika wali wa nazi Ijumaa. Chungwa walilimenya kwa namna moja, kwa kisu, ganda likitoka refu kama utepe, kisha wanakata kifuniko juu na kulifyonza huku wakiliminya. Baba alisema skuli na Mama akasema shule, lakini mimi nilikwenda mahali pamoja tu.

Kulikuwa na mtu wa nne katika nyumba yetu ambaye hakuwahi kufika London. Huyo ni Mjomba Shabani, kaka yake Mama. Alikuwa askari. Kazi ilimhamishia Pemba wakati sisi tunaishi Wete, mimi nikiwa mdogo nisiyekumbuka kitu, na kila Ijumaa alikuja kula kwetu. Kisha kukawa na uchaguzi, watu wakaandamana, askari wakapiga risasi, na Baba mdogo Omari, mdogo wake Baba, akafia barabarani. Baba akakimbia nchi, baadaye nasi tukamfuata. Hivi ndivyo nilivyokuja kuyapanga nilipokua. Utotoni nilikuwa na vipande tu. Nilijua kwamba Omari hatajwi Mama akiwapo, na Shabani hatajwi Baba akiwapo. Nilijua kwamba Mama akitaka kuzungumza na kaka yake hununua kadi ya simu na kwenda kusimama kwenye ngazi, hata wakati wa barafu, na akirudi ndani pua imemwiva, Baba huongeza sauti ya televisheni.

Mwaka wangu wa mwisho wa shule ya msingi, mwalimu wetu alitwambia kwamba kila Alhamisi tutapata wageni wawili. Wangetufundisha kuhusu nchi yao, nchi moja ambayo watu wa aina mbili, Wayahudi na Waarabu, kila upande unasema ni kwao.

"Watapigana?" akauliza Folake, rafiki yangu niliyeketi naye, Mnaijeria mwenye sauti ya kubeba darasa zima. Aliuliza kwa matumaini.

Hawakupigana. Aliingia mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizosimama, tukaambiwa ni Misi Naomi, na nyuma yake mwanamume mrefu aliyevaa sweta lenye kiraka kwenye kiwiko, Mista Jamil. Misi Naomi alikuwa Myahudi, Mista Jamil Mwarabu, na wote wawili walikuwa wameishi London miaka mingi. Mwanamke alitoa chungwa mfukoni akaliweka juu ya meza.

Sheria yao ilikuwa hii. Mwenye chungwa mkononi ndiye anayesema. Lakini hasemi habari zake. Anasema habari za mwenzake, na anazisema kana kwamba ni zake yeye.

Mista Jamil akachukua chungwa. "Mimi naitwa Naomi," akasema na ile sauti yake nzito, na darasa zima likaangua kicheko. Alingoja. "Mimi naitwa Naomi. Mama yangu alishuka melini amevaa koti la kiume lenye vifungo visivyofanana. Halikuwa lake. Watu wake wote walikuwa wameuawa Ulaya, mama yake, dada zake, mpaka mtoto mchanga wa jirani. Alipewa chumba katika nyumba ambayo sufuria bado zilikuwa jikoni. Alinisimulia kwamba hakuuliza sufuria ni za nani. Alikuwa na njaa."

Hakuna aliyecheka tena. Akampa mwenzake chungwa.

"Mimi naitwa Jamil," akasema Misi Naomi. "Bibi yangu alikuwa ameloweka maharage. Watu wakaja mbio wakisema ondokeni, wanakuja, wanaua. Akabeba watoto. Alidhani wanakwenda kwa wiki moja, akafikiri maharage yataharibika, hilo ndilo lililomsumbua njiani kote, maharage. Hawakurudi tena. Mpaka anakufa alikuwa—"

"Umesahau mbuzi," akasema Mista Jamil.

"Sijasahau mbuzi. Nilikuwa nakwenda kwa mbuzi."

"Mbuzi anakuja kabla ya maharage."

"Kila wiki anahama huyu mbuzi wako! Mara kabla, mara baada. Nani ana chungwa hapa?"

"Wewe."

"Basi nyamaza."

Folake akanikanyaga mguu kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeganda. Nilikuwa nimewasikia watu hao wawili kwetu, sebuleni. Wageni wakija Baba alipenda kusimulia jinsi Mama alivyopanda feri mara ya kwanza akatapikia viatu vya nahodha, na Mama akawa anamsahihisha, hapana, haikuwa viatu, ilikuwa kofia, na Baba akasema nani anasimulia. Nikajua papo hapo: hawa ni mke na mume. Nani mwingine anaweza kujua maharage ya bibi yako?

Tena nikaona na sababu ya ndoa yao. Kwa akili yangu ya miaka kumi nilidhani ile nyumba ya maharage na ile nyumba ya sufuria ni nyumba moja. Mmoja aliondoka, mwingine akaingia, na wote wawili wanasema ni kwetu. Sasa wafanyeje? Wameoana, nyumba imekuwa ya wote. Nilishangaa kwamba mwalimu anahitaji Alhamisi nyingi kueleza jambo rahisi namna hiyo.

Kipindi kilipokwisha Mista Jamil alilichana chungwa kwa ukucha wa kidole gumba, akaligawa nusu kwa nusu, wakala wamesimama, na Misi Naomi akapanga maganda juu ya hita ya darasa. Mpaka tunakwenda nyumbani chumba kilinukia.

Alhamisi iliyofuata walituuliza sisi tumetoka wapi. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Baba anasema Zanzibar. Mama anasema Tanzania."

Mista Jamil akainamisha kichwa. "Na wewe unasemaje?"

"Thamesmead."

Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka. Akaniuliza, "Zanzibar na Tanzania si nchi moja?"

"Mama anasema ni moja."

"Na Baba?"

"Baba anasema tunywe chai."

Hapo Misi Naomi alicheka mpaka akashika meza. Nikajivunia siku nzima. Nilitaka kumwambia Baba kwamba nimewachekesha, lakini nilipofika nyumbani wazazi wangu walikuwa jikoni na mlango umefungwa, na sauti zilikuwa zile za chini, mbaya kuliko za juu.

Mjomba Shabani alikuwa mgonjwa. Figo, nilisikia, na miguu imevimba hawezi kusimama. Mama alitaka kwenda Tabora kumuuguza.

"Hana mke, hana mtoto. Mimi ndiye niliyebaki," alisema Mama.

"Na miye mdogo wangu kabaki na nani?"

"Baba Salma, mtu anakufa."

"Watu hufa, Mama Salma. Nimeona." Kikombe kikawekwa mezani. "Mie sikufungi kamba. Mlango huo. Lakini ukenda kwake, usirudi kwangu. N'shasema."

Nilisimama kwenye korido na begi langu mgongoni. Sikuwaza kuhusu Mjomba, nisiseme uongo. Nilimwaza Baba akiondoka, na nani atanipeleka chuoni kusoma Kurani Jumamosi, na kama Mama akienda, nitalala chumba gani. Kisha nikawafikiria Misi Naomi na Mista Jamil, na moyo ukatulia. Hawa wangu walikosa kitu kimoja tu: hawakuwa wamefundishwa.

Jumapili baada ya chakula niliweka chungwa katikati ya meza. Nikawaambia ni kazi ya shule. Hilo lilikuwa neno lenye nguvu nyumbani kwetu; Baba, ambaye siku hizo alikuwa akisafisha maofisi usiku na kulala mchana, angeweza kuamka usingizini kwa ajili ya kazi ya shule. Wakaketi, huku na huku. Nikaeleza sheria.

"Mchezo gani huu?" Baba akauliza, lakini alitabasamu.

"Wanafundishwa na Myahudi na Mwarabu," Mama akasema. "Wanakaa pamoja hivi hivi, wanasimuliana."

"Mwarabu na Myahudi?" Baba akalichukua chungwa. "Haya. Kama wao wameweza. Miye naitwa nani?"

"Mwajuma," nikasema.

"Miye naitwa Mwajuma bint Kasimu," akasema Baba kwa sauti nyembamba, na Mama akampiga begani kwa kitambaa cha vyombo. Sikuwa nimemwona akimgusa kwa siku nyingi. "N'mezaliwa Tabora, nyuma ya stesheni. Baba yangu akitengeneza reli. Treni likipita usiku vikombe vinacheza kabatini, na asiyeamka n'yule aliyekufa. Asali kwetu tunakula kama wenziwetu wanavyokula samaki. Mwembamba, n'na meno mazuri, najua kuringa."

"Sikuwa naringa."

"Mama, usimkatize," nikasema.

"Ukiringa," akasema Baba. "Skuli iko mbali. Mvua ikinyesha njia inajaa maji, yanafika hapa, kiunoni. Na mie maji nayaogopa. Basi siku za mvua siendi kwa miguu. Nakuwa nabebwa."



Mama alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamebadilika. "Nabebwa na nani?" akauliza.

Baba akaligeuza chungwa mkononi.

"Nabebwa na nani, Baba Salma?"

"Mgongoni," akasema Baba. "Nabebwa mgongoni."

"Mgongo wa nani?"

Nilidhani amesahau. Nilitaka kumnong'oneza. Nilijua kisa hicho kama nilivyojua jina langu, Mama alinisimulia kila mvua ikinyesha, na London mvua haikosi: Mjomba Shabani alimbeba mgongoni mwaka mzima wa kwanza, yeye mwenyewe akiwa mtoto, vitabu vya wote wawili amevifunga kichwani kwa shati lake.

Baba akaliweka chungwa mezani, akalisukuma kwa kidole mpaka upande wa Mama. "Hebu sema weye."

Mama akalichukua. Alichukua na kisu, nadhani mikono ilitaka kazi, akawa analimenya huku anasema. "Mimi naitwa Saidi Hamadi. Nimezaliwa Wete. Nina mdogo wangu anaitwa Omari. Ndiye niliyemfundisha baiskeli, nikamwachia mteremkoni bila kumwambia kwamba breki hazishiki, akaingia dukani kwa Mhindi na baiskeli yake." Aliyasema vizuri. Hakuna alilolipunguza. Baba alikuwa ameangalia chini. "Omari anapenda redio. Anapenda kubishana. Siku ile nikamwambia asitoke. Nikamwambia, kaa, watoto wako wadogo. Akasema anatoka kidogo tu. Nikasikia milio nikiwa ndani. Nikatoka kumtafuta nikamkuta kwa kiatu, kiatu ndicho nilichokitambua. Askari walikuwa—"

"Wa wapi?" Baba akasema.

"Askari."

"Nakuuliza wa wapi."

"Baba, usikatize," nikasema. Hakuna aliyenisikia.

"Walikuwa askari, Baba Salma."

"Wana kwao. Kila mtu ana kwao. Walikuja wametoka wapi? Ijumaa iliyokuwa kabla walikula kwa nani? Wali wa nani? Nani aliwamiminia maji ya kunawa?"

"Alikuwa getini." Mama alisema polepole sana. "Ameniapia. Siku ile walimweka getini, kituoni, hakutoka."

"Getini!" Baba alicheka kicheko kifupi. "Mwaka ule kila askari kisiwani alikuwa getini. Mageti yote hayo yalikuwa wapi? Mbona mdogo wangu hakupata hata geti moja la kujificha?"

Mama akamaliza kulimenya. Ganda lilitoka zima, refu, likaanguka kwenye mapaja yake. Akalikata kifuniko akaliweka chungwa mezani, jeupe, limeachama. Hakuna aliyelifyonza. Baba akachukua koti lake la kazi ingawa saa za kazi zilikuwa mbali. Asubuhi yake chungwa lilikuwa bado pale, limekauka juu na kuwa gumu kama kisigino, na Mama alikuwa kwenye simu, sebuleni safari hii, si kwenye ngazi, anauliza habari za ndege.

Niliamini kuna kitu sikukifanya sawa. Labda kuna kanuni ambayo Misi Naomi na Mista Jamil hawakutwambia, kitu wanachofanya nyumbani kabla ya kuja darasani. Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya mwisho. Kengele ilipolia niliacha begi kwa Folake nikawakimbilia mpaka getini. Mvua ilikuwa imekatika. Misi Naomi alikuwa anamfunga Mista Jamil skafu, kwa sababu yeye alikuwa na mafua na mikono imejaa vitabu.

"Misi," nikasema, "nyumbani kwenu mnafanyaje?"

"Nyumbani kwetu?"

"Mkigombana. Mkifika pale pabaya. Mnafanyaje ili muendelee?"

Walitazamana. Mista Jamil ndiye aliyeelewa kwanza. Kicheko kilianza kumtoka, kisha akaniangalia usoni na kicheko kikaisha.

"Binti yangu, mimi na huyu hatukai pamoja," akasema. "Mimi nina mke wangu. Huyu ana nyumba yake."

"Lakini unamjua mama yake. Mpaka vifungo."

"Namjua mama yake."

"Na Misi anamjua mbuzi."

"Namjua mbuzi," Misi Naomi akasema. Alichuchumaa mbele yangu na magoti yake yakalia. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya watoto, na mpaka leo sijui kama nimshukuru. "Sisi tunakutana hapa tu. Kwenye shule. Sijawahi kunywa chai nyumbani kwake, wala yeye kwangu. Mke wake hapendi nije. Mwanangu wa kiume hazungumzi nami tangu nianze kazi hii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbuzi," akasema Mista Jamil. Haikuwa mzaha.

Nikawaeleza. Nadhani nilieleza vibaya, mambo ya chungwa na geti na Tabora na maji ya kunawa, kwa mkupuo mmoja. Walisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja wanipe ile kanuni. Misi Naomi akanishika mikono yote miwili. Kisha basi la Mista Jamil likaja akakimbia, na Misi Naomi akaenda upande mwingine, kuelekea stesheni. Nilibaki nimesimama getini. Nakumbuka niliangalia kama watageuka kupungiana mkono. Walikuwa watu wenye shughuli. Hawakugeuka.

Mama alisafiri. Baba alinipeleka shule, akanipikia, akanisuka nywele vibaya. Alinitendea wema wote wiki zile, na siku moja kabla Mama hajarudi akakunja mashati yake, akachukua mkeka wake wa kuswalia na redio, akaniacha kwa mama yake Folake. Alikwenda Southall, upande wa pili wa London, kwa Mpemba mwenzake aliyekuwa na chumba juu ya duka la vitambaa. Nilipomuuliza atarudi lini alisema, "Mie nimesema neno, mwanangu. Nikilivunja, Omari atakuwa amekufa bure." Sikuelewa Omari anaingiaje kwenye habari ya kulala Southall. Sasa naelewa, na kuelewa hakujanisaidia kitu.

Mjomba Shabani alifariki Mama akiwa huko. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama kama walizungumza kuhusu ile siku. "Nilimuuliza," akasema. "Akaniambia alikuwa getini."

"Ukamwamini?"

Alifikiri. "Nilikuwa namwosha miguu," akasema. "Imevimba hivi. Nikaendelea kumwosha."

Talaka Baba hakuitamka kamwe, wala Mama hakuidai. Miaka yote hiyo waliishi ncha mbili za mji huu. Zamani kwenda kwake ilikuwa safari ya kubadilisha treni na mabasi, na nilikuwa nawaambia watu kwamba ni umbali. Siku hizi reli mpya inatoka hapa Abbey Wood, jirani na Thamesmead, mpaka Southall bila kubadilisha, unapanda, unakaa, unashuka. Ilipofunguliwa Mama alinunua viatu vipya. Hakusema vya nini. Hakuipanda.

Mwanangu Haruni sasa ana umri niliokuwa nao wakati ule. Nchi ile ya chungwa imeingia katika vita ambavyo hata watoto wanaviona kwenye simu zao, na nilimuuliza mwalimu wake kama wanafundishwa chochote, kama kuna wageni wanaokuja. Msichana mzuri, mwenye adabu, akaniambia hawaligusi jambo hilo tena. Wakiligusa hivi, wazazi wa upande huu wanalalamika, wakiligusa vile wanalalamika wa upande ule. Nikamwambia zamani walikuwa wanakuja wawili. Akasema, "Pamoja?"

Siku ya mazishi Baba alikuja. Alikuja kama mume, na hakuna aliyehoji, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Amezeeka, mgongo umepinda upande mmoja. Aliingia kaburini yeye mwenyewe kumpokea Mama, Haruni aliniambia. Vijana walitaka kumsaidia akawakatalia. Waliporudi nyumbani na kisomo kikaisha, watu wakapungua, tukabaki sisi na vikombe. Jirani alikuwa ameleta machungwa. Baba akachukua moja na kisu, akawa anammenyea Haruni, ganda likishuka refu.

Haruni anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Akamuuliza babu yake Bibi alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa mtoto.

Niliacha kukusanya vikombe.

"Bibi yako," Baba akasema, "kazaliwa Tabora, nyuma ya stesheni. Baba yake akitengeneza reli. Treni likipita usiku vikombe vinacheza kabatini." Haruni akacheka. Baba akamsimulia asali, akamsimulia meno, akamsimulia kuringa. Hakuwa amesahau chochote. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kana kwamba kwa miaka yote hiyo, juu ya lile duka la vitambaa, amekuwa akikirudia ili kisipotee. "Skuli iko mbali. Mvua ikinyesha njia inajaa maji, na bibi yako maji akiyaogopa. Basi siku za mvua hendi kwa miguu. Huwa anabebwa."

"Na nani?" akauliza Haruni.

Mama alikuwa kaburini. Mjomba Shabani alikuwa kaburini, na Baba mdogo Omari kabla yao. Katika chumba kile hapakuwa na mtu wa kukosewa tena isipokuwa sisi watatu. Baba alikata kifuniko cha chungwa. Akalishika. Nikaona kwamba anajaribu, kwamba alikuwa amekuja na treni ile kutoka upande wa pili wa mji akiwa amekusudia kulisema jina lile.

"Mgongoni," akasema. "Alikuwa akibebwa mgongoni."

Kisha akampa mtoto chungwa, akauliza kama chai bado ipo.